Mwongozo Kamili wa Kusoma Vitabu vya Sanaa Visivyo vya Kawaida na Machapisho ya Kupita Katika Maktaba ya Vitabu Adimu

Mwaka 1927, mjini Milan, msanii Fortunato Depero alitoa kitabu ambacho kurasa zake hazikushonwa wala kugundishwa, bali zilishikwa pamoja kwa bolti mbili kubwa za alumini zenye nati zake. Msomaji anayeletewa kitabu hicho mezani hukutana na swali ambalo kitabu cha kawaida hakimuulizi, nalo ni kwamba atakigusa wapi na atakifungua vipi bila bolti kukwaruza meza, kurasa au kitabu cha jirani. Swali hilo ni sehemu ya kazi yenyewe, kwa kuwa Depero alitaka kitabu kiwe kama mashine.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwanafunzi, mchoraji, mbunifu wa machapisho au mtafiti ambaye anataka kuingia katika chumba cha wasomaji cha maktaba ya vitabu adimu na kutoka na maarifa ya kweli. Hoja ninayoisimamia ni moja: katika vitu vya aina hii, namna kitu kilivyotengenezwa, kilivyokunjwa na kilivyotumiwa ni habari yenye uzito sawa na maneno yaliyochapwa juu yake. Habari hiyo haionekani vizuri katika picha ya kompyuta, na ndiyo inayopotea kwanza mkono unapokosea.

Hatua ya kwanza: tambua unatafuta kitu cha aina gani

Kuna makundi mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Kundi la kwanza ni vitabu ambavyo msanii amevifanya kuwa kazi ya sanaa kwa umbo lake, ambavyo huitwa vitabu vya wasanii, pamoja na vitabu vya zamani vyenye vipande vinavyosogea, mikunjo au picha zilizotiwa rangi kwa mkono. William Blake alipochapa mashairi yake yenye picha mwaka 1789 alichora maneno na picha juu ya bamba moja la shaba, akalichapa na kulipaka rangi yeye na mkewe, na matokeo yake ni kwamba nakala mbili za kitabu kilekile hutofautiana kwa rangi na hata kwa mpangilio wa kurasa. Edward Ruscha, kwa upande wake, mwaka 1963 alitoa kitabu chembamba cha picha za vituo vya petroli, nakala 400 zenye namba, kikiwa na sura ya kawaida kabisa, na ukawaida huo ndio uliokuwa sanaa yake.

Kundi la pili ni machapisho ya kupita, ambayo wataalamu wengi huyaita efemera: tiketi, mabango, lebo za bidhaa, kadi za biashara, programu za maonyesho, kalenda, vipeperushi, karatasi za kufungia bidhaa, kadi za salamu. Vitu hivi vilitengenezwa vitumike siku moja au msimu mmoja kisha vitupwe. Kwa kuwa karibu vyote vilitupwa, kile kilichosalia kinaweza kuwa adimu kuliko kitabu kikubwa cha ngozi, hata kama siku ile kilitolewa bure mlangoni. Utafiti wake ulipata nguvu zaidi baada ya Maurice Rickards kuanzisha chama cha wapenzi wa efemera nchini Uingereza mwaka 1975.

Tofauti ya makundi haya ina maana katika utendaji. Kitabu cha msanii mara nyingi kina jina, mwaka na maelezo yake katika katalogi. Efemera mara nyingi imo ndani ya sanduku lenye mamia ya wenzake, na katalogi inalitaja sanduku tu. Ukitafuta vyote kwa njia moja utakosa kimojawapo.

Hatua ya pili: tafuta kwa maneno ya watunza katalogi, kisha kwa maneno ya zama zile

Kwa kitabu cha msanii, anza na jina la msanii, lakini usiishie hapo. Tafuta pia jina la mchapaji, la mfunga vitabu na la nyumba iliyotoa, kwa sababu vitabu hivi ni kazi ya mikono mingi. Kitabu cha Henri Matisse cha mwaka 1947, chenye picha zilizotokana na karatasi zilizopakwa rangi na kukatwa kwa mkasi, kilitolewa na Tériade. Anayetafuta kwa jina la mtoaji huyo atakutana na ndugu wengi wa kitabu hicho ambao asingewajua kwa jina la Matisse peke yake. Katalogi nyingi zina pia sehemu inayoeleza aina ya kitu, mbinu ya uchapaji au umbo la jalada. Ukishapata rekodi moja inayokufaa, nakili maneno yaliyotumika katika sehemu hiyo na uyatumie kutafuta mengine, badala ya kubuni maneno yako.

Kwa efemera, tafuta mkusanyo kwanza, kitu baadaye. Karibu kila mkusanyo mkubwa ulijengwa na mtu mmoja mwenye subira ya ajabu, na mpangilio wake ni akili ya mtu huyo. John Johnson, aliyekuwa mchapaji wa Chuo Kikuu cha Oxford, alikusanya karatasi ambazo wengine waliziona takataka. Mkusanyo wake ulihamia maktaba ya Bodleian mwaka 1968 na una vitu zaidi ya milioni 1. Jefferson Burdick alianza mwaka 1947 kuipa Metropolitan Museum of Art ya New York kadi zake za biashara, za posta na za wachezaji, zaidi ya 300,000 kwa jumla, na namba alizobuni mwenyewe kuzipanga bado zinatumiwa na wakusanyaji. Kabla ya kuomba sanduku lolote, basi, soma mwongozo wa mkusanyo na ujue mwenye kukusanya alipanga kwa mada, kwa mwaka, kwa mji au kwa mchapaji. Anayetafuta tangazo la sabuni katika mkusanyo uliopangwa kwa majina ya wachapaji atafungua masanduku 20 bila kuliona.

Tumia pia majina ya zamani. Bidhaa, kazi za mikono na michezo ya jukwaani ilikuwa na majina ambayo leo hayasemwi, na aliyeandika kadi ya katalogi miaka 80 iliyopita aliandika jina la wakati wake.

Hatua ya tatu: mwandikie mkutubi barua yenye maelezo

Barua fupi inayosema unataka kuona vitu vya kuvutia inamwacha mkutubi bila la kufanya. Taja swali lako, taja namba za rafu ulizokwisha kupata, eleza ni kitu gani lazima ukione kwa macho na sababu ya picha ya kidijitali kutokutosheleza, na uliza moja kwa moja kama kuna vitu vya namna hiyo ambavyo bado havijaingizwa katika katalogi. Swali hili la mwisho limenifungulia milango kuliko mengine yote, kwa sababu kila maktaba ya aina hii ina masanduku yanayosubiri zamu yake, na anayejua yaliyomo ni mtu anayepita mbele yake kila siku.

Taja ukubwa wa kitu kama unaujua. Kitabu cha Sonia Delaunay na Blaise Cendrars cha mwaka 1913 kina karatasi iliyokunjwa ambayo ikifunguliwa hufikia urefu wa mita 2 hivi. Walitangaza nakala 150 ili zote zikiunganishwa zifikie urefu wa mnara wa Eiffel, ingawa zilizotengenezwa hazikufika idadi hiyo. Kitabu kingine cha Ruscha, cha mwaka 1966, kinachoonyesha kila jengo la barabara moja ya Los Angeles, hukunjuka zaidi ya mita 7. Vitu kama hivi vinahitaji meza ndefu, pengine na mtu wa pili wa kushika, na maktaba haiwezi kuandaa hayo asubuhi unapofika. Omba vitu vichache kwa siku. Vitano vinavyoangaliwa kwa makini vina faida kuliko thelathini vinavyopitiwa.

Hatua ya nne: jiandae na uiandae meza

Begi, koti, kinywaji, kalamu ya wino na karatasi zenye gundi hubaki nje. Ingia na penseli, karatasi, kompyuta ikiruhusiwa, rula ya plastiki au ya utepe, na lenzi ya kukuza mara 10. Osha mikono kwa sabuni, ikauke kabisa, na usipake mafuta wala losheni asubuhi ile. Vua pete zenye vito na bangili zinazoning'inia.

Kuhusu glavu, wengi hushangaa. Kwa karatasi na majalada ya kawaida, mikono safi na mikavu ni bora kuliko glavu za pamba, kwa sababu glavu hupunguza hisia ya vidole na nyuzi zake hunasa kwenye kingo zilizochanika. Glavu zinahitajika kwa picha za kamera, hasi (filamu za kusafishia picha), metali na nyuso zinazong'aa ambazo alama ya kidole hubaki milele. Kuna hali nyingine inayodai glavu za nitrili kwa ajili ya afya yako mwenyewe: majalada ya kitambaa chenye kijani kikali ya karne ya 19, hasa ya miaka ya 1840 hadi 1860, ambayo baadhi yake yalitiwa rangi yenye sumu ya aseniki. Rangi hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1814, na jumba la makumbusho la Winterthur, Marekani, limekuwa likiorodhesha vitabu vya namna hiyo tangu mwaka 2019. Ukiona kijani cha namna hiyo, usijiguse uso, mwambie mkutubi, na unawe baadaye.

Weka mito ya sponji mezani kabla kitu hakijafika. Kitabu kilichofungwa kwa kubana hakitakiwi kufunguka nyuzi 180. Mito huzuia majalada yasianguke nyuma na mgongo usivunjike.

Hatua ya tano: tazama kabla ya kugusa, na andika mpangilio kabla ya kuuvuruga

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Kitu kikishawekwa mezani, kaa dakika mbili bila kukigusa. Tazama kimefungwaje, utepe umezungushwa upande gani, kipande kipi kiko juu, upande upi umeelekea wapi. Chora haraka kwa penseli. Kwa sanduku lenye vipande visivyofungwa, andika orodha fupi ya vipande kwa mfuatano uliokuta, au kipige picha kila kimoja kikiwa bado mahali pake ikiwa inaruhusiwa.

Sanduku la kijani la Marcel Duchamp la mwaka 1934 ni mfano mzuri wa ugumu huu. Lina zaidi ya nakala 90 za maandishi na michoro yake, zote zikiwa huru, na msanii hakuweka mfuatano wowote. Msomaji anaweza kudhani kwamba mpangilio basi hauna maana. Kwa msanii haukuwa na maana. Kwa maktaba unao, kwa kuwa nakala hii moja imepita mikononi mwa mmiliki fulani aliyeupanga kwa namna yake, na mkutubi anahesabu vipande kwa kufuata orodha. Toa kipande kimoja, kiangalie, kirudishe, kisha toa kinachofuata.

Kwa kitabu kilichokunjwa kama kodiani, usikivute upande mmoja kama utepe. Kiweke bapa, fungua mikunjo mitatu au minne, ufunge ya nyuma kadiri unavyosonga mbele, ili uzito usining'inie kwenye mkunjo mmoja. Ikilazimu kukiona chote kwa pamoja, omba msaada. Mimi mwenyewe niliwahi kufungua karatasi kubwa iliyokunjwa mara nyingi bila kuchora mikunjo yake, nikashindwa kuirudisha kama ilivyokuwa, na mkutubi akalazimika kusoma alama za uchakavu ili kuirejesha. Tangu siku hiyo nachora mishale ya mikunjo kabla ya kuufungua wa kwanza.

Vitabu vyenye vipande vinavyosogea vinataka uangalifu wa aina yake. Peter Apian alichapa mwaka 1540 kitabu cha elimu ya nyota chenye diski za karatasi zinazozunguka moja juu ya nyingine, ambazo msomaji alizizungusha ili kupata mahali pa sayari. Wachapaji wa Vesalius, mtaalamu wa muundo wa mwili, mwaka 1543, walitoa michoro ya mwili ya kukatwa na kubandikwa tabaka juu ya tabaka. Lothar Meggendorfer, aliyeishi hadi mwaka 1925, alitengeneza vitabu vya watoto ambavyo kishikio kimoja kinachovutwa husogeza viungo kadhaa kwa pamoja. Usivute wala usizungushe chochote bila ruhusa. Ikiruhusiwa, shika ukurasa kwa mkono mmoja karibu na mahali kishikio kinapoingia, vuta kwa mwendo wa polepole na ulionyooka, na simama mara unapohisi ukinzani. Ukinzani katika karatasi ya miaka 130 ni onyo kwamba riveti ya uzi au waya imekwama, na nguvu kidogo tu itaichana. Mara nyingi mkutubi atakuwa na filamu fupi inayoonyesha kipande kikisogea, na hiyo inatosha.

Vipande vya kufunua viinuliwe kwa kona iliyo mbali na gundi, kwa kutumia ncha ya karatasi nene badala ya ukucha. Karatasi nyembamba ya kinga iliyo juu ya picha ishikwe kwa mikono miwili na irudishwe bila kukunjamana.

Hatua ya sita: tambua mbinu ya uchapaji kwa lenzi

Sehemu hii naipenda kuliko zote, na ndiyo inayomtenganisha mtazamaji na msomaji wa vitu hivi. Mbinu ya uchapaji hukuambia umri wa kitu, gharama yake, na alikusudiwa nani. Weka taa pembeni, iwe chini, ili vivuli vya uso wa karatasi vionekane, kisha isogeze juu.

Anza na swali moja: wino umekaa wapi? Katika uchapaji wa sehemu zilizoinuka, kama mchongo wa mbao na herufi za risasi, wino uko juu ya sehemu iliyobonyeza karatasi. Utaona ukingo mweusi zaidi kuzunguka kila mstari, kwa sababu wino husukumwa pembeni, na nyuma ya karatasi vidole vitahisi uvimbe mdogo. Katika uchapaji wa bamba la shaba lililochongwa au kuliwa na asidi, wino ulijaa ndani ya mifereji na karatasi iliyolowa ikaufuata. Kwa hiyo mistari imeinuka kidogo juu ya karatasi, ile iliyochongwa huchongoka mwishoni, na kuna alama ya kubonyea ya pembe nne kuzunguka picha, ambako bamba liliishia. Alama hiyo inaweza kukatwa na mfungaji, hivyo kukosekana kwake hakuthibitishi chochote.

Litografia, ambayo Alois Senefelder aliivumbua Ujerumani katika miaka ya mwisho ya karne ya 18, haina lolote kati ya hayo. Mchoraji alichora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe laini, na mafuta yakashika wino huku maji yakiukataa. Wino umekaa bapa, hakuna uvimbe, na michoro ya chaki ina chembechembe zisizo na mpangilio kama za mchanga. Mchapaji Godefroy Engelmann alipopata hataza ya litografia ya rangi nyingi mwaka 1837, mlango ulifunguka kwa lebo, kadi na mabango ya rangi yaliyofurika nusu ya pili ya karne ya 19. Ukiweka lenzi juu ya kadi ya namna hiyo utaona nukta za rangi nyingi, pengine rangi 8, 10 au zaidi, kila rangi ikiwa imechapwa kwa jiwe lake, nazo zimetiwa kwa mkono na hazifanani. Tazama ukingoni: mahali rangi mbili hazikukutana sawasawa utaona mstari mwembamba mweupe au rangi iliyovuka mpaka. Huo ni mwendo wa karatasi kutoka jiwe moja hadi jingine, na kwangu mimi ni sahihi ya wafanyakazi ambao majina yao hatukuachiwa.

Nukta zikiwa zimejipanga katika safu kama wavu, zenye ukubwa tofauti lakini umbali uleule, umeona uchapaji wa nukta wa picha za kamera, ulioenea tangu miaka ya 1880. Nukta za rangi nne zinazounda maua madogo ni za uchapaji wa karne ya 20 na kuendelea. Ukikuta wavu huu katika bango linalodaiwa kuwa la mwaka 1860, bango hilo ni nakala ya baadaye, hata karatasi yake ikiwa ya manjano.

Rangi zilizopakwa kwa stensili, kama za Matisse na Delaunay, zina uso mzito usio na nukta, kingo kali, na mara nyingine alama za brashi au wino uliojikusanya kwenye ukingo wa stensili. Rangi za mkono hupita mipaka ya mstari na hutofautiana kati ya nakala. Kuna pia vitu visivyo na wino kabisa: Anna Atkins alianza mwaka 1843 kutengeneza kitabu cha mwani kwa kuweka mimea juu ya karatasi yenye chumvi za chuma na kuiachia jua, na picha ikatokea nyeupe ndani ya buluu. Hapo tafuta nyuzi za karatasi zilizobeba rangi, si tabaka juu yake, na uombe mwanga hafifu, kwa kuwa buluu hiyo hufifia.

Hatua ya saba: ipe efemera umri bila kudanganywa

Tarehe haiandikwi mara nyingi, kwa hiyo jenga umri kwa ushahidi mwingi mdogo. Soma mstari wa chini kabisa, ule wenye herufi ndogo: Uingereza ilidai kwa sheria ya mwaka 1799 kwamba mchapaji aweke jina na anwani yake, na anwani za wachapaji zilibadilika kila walipohama, hivyo saraka za miji huweza kukupa miaka miwili au mitatu ya uwezekano. Geuza kadi ya posta: upande wa nyuma ulioachiwa nafasi ya ujumbe kando ya anwani uliruhusiwa Uingereza mwaka 1902 na Marekani mwaka 1907, kwa hiyo kadi yenye mstari huo wa kugawanya haiwezi kutangulia miaka hiyo katika nchi hizo.

Halafu jihadhari na kitu ambacho huwapotosha hata wazoefu: umri wa picha si lazima uwe umri wa karatasi. José Guadalupe Posada, aliyefariki mwaka 1913, alichonga picha nyingi kwa ajili ya duka la uchapaji la Vanegas Arroyo katika jiji la Mexico, na mabamba yake yaliendelea kutumiwa kwa habari mpya, hata baada ya kifo chake. Picha ya mifupa inayocheka unayoishika inaweza kuwa na bamba la mwaka mmoja, maneno ya mwaka mwingine, na karatasi ya miaka mingi baadaye. Andika umri wa kila tabaka peke yake. Kama maktaba ina taa ya miale ya urujuani na mkutubi anakubali kuitumia, karatasi inayong'aa buluu kali kwa kawaida ina vitia-mwanga (kemikali za kung'arisha karatasi) vilivyoenea baada ya mwaka 1950 hivi.

Tazama na nyuma. Mabaki ya gundi katika kona nne yanasema kitu kiliishi katika albamu. Tundu la pini linasema kilitundikwa. Mkunjo wa ukubwa wa mfuko unasema kilibebwa. Jina la mtoto lililoandikwa kwa penseli nyuma ya kadi ya sabuni ni ushahidi kwamba tangazo lilimfikia asiyenunua sabuni, na hakuna takwimu ya biashara inayokupa habari hiyo.

Hatua ya nane: andika maelezo yatakayokufaa mwakani

Kwa kila kitu andika namba ya rafu, jina la sanduku na la folda, kimo kwanza kisha upana kwa milimita, idadi ya kurasa au vipande, mbinu uliyoiona kwa lenzi na sababu ya kuitaja, maneno yote ya mchapaji kama yalivyo, alama za umiliki, na uharibifu. Tenganisha ulichokiona na unachokikisia. Mimi huweka makisio upande wa kulia wa karatasi. Kama ni kitabu cha msanii, nakili ukurasa wa mwisho wenye maelezo ya uchapaji, namba ya nakala na sahihi, kisha linganisha na nakala za maktaba nyingine, kwa kuwa tofauti kati ya nakala zinaweza kuwa ndizo ugunduzi wako.

Picha upige bila mwako wa kamera, pamoja na rula na namba ya rafu ndani ya picha moja, na moja ya kitu chote kabla ya zile za karibu. Ruhusa ya kupiga picha si ruhusa ya kuchapisha. Katika nchi nyingi hakimiliki hudumu miaka 50 au 70 baada ya kifo cha mwenye kazi, na kitabu cha msanii wa miaka ya 1960 kwa kawaida bado kinalindwa. Efemera isiyo na jina ni ngumu zaidi. Uliza maktaba inatumia utaratibu gani, na uhifadhi jibu lao la maandishi.

Hatua ya tisa: rudisha kitu kama ulivyokikuta

Anza kurudisha dakika 20 kabla ya chumba kufungwa, kwa maana mikono yenye haraka ndiyo inayokunja vibaya. Fuata orodha na mchoro wa hatua ya tano, hesabu vipande mbele ya mkutubi, na rudisha utepe upande uleule. Ukikuta kipande kilichoachia gundi, usikibandike; kiache mahali kilipo na umwonyeshe mkutubi ili mhifadhi akishughulikie. Ukigundua kosa la katalogi, kama vile litografia iliyoitwa mchongo wa shaba au bango lililopewa mwaka usiowezekana, liandike kwenye karatasi pamoja na namba ya rafu na ushahidi ulioutumia, umpe mkutubi kabla ya kuondoka, ili msomaji atakayefuata apate rekodi iliyo sahihi.